Mkwaju Hakufika Dodoma: Kumbukumbu za Kipupwe cha 1994

Utangulizi

Mwaka jana, katika semina yetu ya fasihi pendwa, mhadhiri alituagiza kila mmoja alete darasani kazi moja ya sanaa iliyomlea kabla hajajua kwamba duniani kuna kitu kinaitwa uhakiki. Wenzangu, ambao karibu wote wamezaliwa baada ya mwaka 2000, walileta singeli, nyimbo za Bongo Fleva na tamthilia za televisheni. Zamu yangu ilipofika, mimi mwanafunzi wa uzamili mwenye mvi, nilisimama nikasema kwa kujiamini: "Mimi nimelelewa na Mkwaju."

"Mkwaju ndiye nani tena, mzee wetu?" akauliza binti mmoja wa mstari wa mbele.

Basi nikaanza. Nikawaeleza juu ya mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, uliorushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, na juu ya Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu, mpenda pombe na wanawake. Nikasema kwamba katika kipupwe cha mwaka 1994 nchi nzima ilikuwa ikimsikiliza, tangu Dar es Salaam mpaka kwetu Dodoma. Nikaigiza na sauti kidogo. Darasa likacheka, wakapiga makofi, nami nikakaa chini nimeridhika kabisa.

Wiki mbili baadaye nilikuwa maktabani natafuta habari za kuandikia ile kazi. Nikasoma makala ya kitaalamu ya mwaka 1999, katika jarida la Studies in Family Planning, inayohusu mchezo huo huo. Humo nikakuta jambo lililonitoa jasho. Mchezo ulianza kurushwa Julai 1993 katika vituo vya RTD vya Bara, isipokuwa kimoja. Kituo kilichoachwa ni Dodoma. Tangu 1993 mpaka 1995 wasikilizaji wa kituo hicho waliwekewa vipindi vingine saa ile ile, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia mchezo na wasiousikia.

Jamani, mimi mwaka 1994 nilikuwa nakaa Dodoma. Nilikuwa kidato cha pili. Sasa huyo Mkwaju aliyenilea alinifikiaje?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Si swali la mambo yangu binafsi tu. Wenzetu wa kaskazini ya dunia wana desturi ya kusimulia kiangazi fulani kilichowabadilisha, kama vile Wamarekani wanavyosimulia kile cha San Francisco cha mwaka 1967. Sisi hatuna kiangazi cha namna hiyo, ila tuna likizo ya Juni, na kila kizazi kina likizo yake kinayoisimulia kwa kujisifu. Hoja yangu ni kwamba masimulizi hayo matamu nayo ni matini, na yana tabia moja mbaya: hukikata kipande kile kile kinachouma. Nitaonyesha jinsi mimi mwenyewe nilivyokikata, si mara moja bali mara mbili.

Redio, kanda na vitabu vya kuazimana

Kwanza niieleze hali ilivyokuwa, maana msomaji kijana anaweza kudhani nasimulia habari za enzi ya mkoloni.

Kwa miaka mingi Tanzania Bara ilikuwa na RTD tu. Wazanzibari walikuwa na televisheni yao tangu mwaka 1973; sisi wa Bara tulingoja mpaka 1994, vilipoanza Dar es Salaam vituo vya watu binafsi, ITV kikiwa mojawapo. Lakini kuanza kwa kituo ni jambo moja, na kuwa na televisheni ndani ya nyumba ni jambo jingine. Kwa walio wengi, kipupwe kile bado kilikuwa cha redio. Tena redio ya betri, na betri zikiishiwa nguvu tulizianika juani juu ya bati, zikajikongoja siku mbili tatu zaidi.

Sambamba na redio kulikuwa na kanda. Mitaani Dar es Salaam ungeweza kusikia Sikinde, yaani DDC Mlimani Park, katika duka moja, na wapinzani wao OTTU Jazz katika duka la pili. Kulikuwa na mashindano makali ya vikundi vya Muungano na TOT. TOT ilianzishwa mwaka 1992 ikiwa chini ya CCM, ikiongozwa na Kapteni John Komba, na ilikuwa na Khadija Kopa aliyetoka Culture Musical Club ya Zanzibar. Taarabu yao ilikuwa ya mipasho. Wanawake walikwenda mbele kutunza wakiwa wameshika noti, na kila mmoja alijua noti ile inampiga nani. Vijana nao walikuwa wameshaanza kurapu kwa Kiswahili. Saleh Jabir alikuwa amewaonyesha njia tangu 1991, na Kwanza Unit ilikuwa imeundwa 1993.

Kwa upande wa maandishi tulikuwa na gazeti la katuni la Sani pamoja na kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Tulikuwa na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, katika vitabu vilivyopita mikono mingi mpaka vikakosa jalada na kurasa za mwisho. Nakumbuka kitabu kimoja ambacho sisi wanafunzi tulimalizia wenyewe, kila mtu na mwisho wake, kwa sababu kurasa kumi za mwisho hazikuwepo. Sikuona ajabu wakati ule. Leo naona kwamba hapo ndipo nilipojifunza tabia ya kujaza pengo bila kumwambia mtu kwamba nimejaza.

Kibarazani kwa shangazi

Jibu la fumbo langu ni rahisi. Mkwaju sikumsikia Dodoma. Nilimsikia Dar es Salaam.

Katikati ya Juni 1994 nilipanda treni jioni pale stesheni ya Dodoma, nikateremka Dar es Salaam asubuhi, nikaenda kukaa kwa shangazi yangu Magomeni kwa muda wa wiki tano. Siku ya kwanza jioni, saa kumi na mbili na robo, nikaona watu wanaanza kukusanyika kibarazani. Jirani kaja na kigoda chake. Muuza vitumbua kaacha karai. Binamu yangu, aliyenizidi miaka miwili, kanivuta mkono.

"Njoo ukae. Leo Mkwaju anarudi safari."

"Mkwaju ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeshuka kutoka mwezini. "We! Kwani kwenu Dodoma hamna redio?"

"Redio tunayo."

"Sasa saa kumi na mbili na nusu huwa mnasikiliza nini?"

Nikasema tunasikiliza muziki, maana ndivyo nilivyokumbuka. Kibaraza kizima kikacheka. Shangazi akanitetea: "Mwacheni mtoto wa watu. Huko kwao jua likizama wanalala." Nikaona haya, nikakaa.

Naomba msomaji aizingatie picha hiyo. Nilichekwa kwa ushamba, na mimi mwenyewe niliamini kwamba ni ushamba. Hakuna hata mmoja pale kibarazani aliyejua kwamba kutosikia kwangu kulikuwa kumepangwa na watu wenye shahada, wakakuandika katika mpango wa utafiti.

Mchezo ulirushwa mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Nami baada ya vipindi viwili tu nilikuwa nimenaswa. Lakini kilichoninasa hakikuwa mchezo peke yake. Watu pale walikuwa wakijibizana na redio. Mkwaju akidanganya, mama mmoja anamjibu: "Mwongo mkubwa we!" Tunu, mkewe, akinyamaza, wanawake wanaguna; akisema neno, wanapiga vigelegele. Wahadhiri wetu hutufundisha kwamba fasihi simulizi inahitaji hadhira inayoshiriki. Kibaraza cha shangazi kilishiriki, ingawa fanani alikuwa ndani ya boksi na hakuwasikia. Mtaani palikuwa na kijana mmoja mhuni ambaye jina lake la kuzaliwa lilikwisha kufa. Aliitwa Mkwaju, naye akaitika.

Likizo hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya Kombe la Dunia huko Marekani. Mpaka majuzi ningeapa kwamba nilimwona Rashidi Yekini kwa macho yangu alipoifungia Nigeria bao lake la kwanza katika historia ya mashindano hayo, akaushika wavu na kulia. Nimelisimulia jambo hilo mara nyingi, hata kwa wanangu. Lakini mechi ile na Bulgaria, ya tarehe 21 Juni, ilianza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu, na kwa shangazi hapakuwa na televisheni. Saa hizo nilikuwa nimelala mkekani. Bao nililisikia asubuhi redioni, picha nikaiona siku nyingine, na kumbukumbu ikaviunganisha viwili hivyo ikanikabidhi kama kitu kimoja.

Mechi niliyoiona kweli ni ya Nigeria na Italia, tarehe 5 Julai. Ilianza saa mbili usiku, tukajazana dirishani kwa jirani mwenye televisheni. Nigeria ikaongoza mpaka dakika ya 88, Roberto Baggio akasawazisha, na katika muda wa nyongeza akafunga penalti. Mabao mawili kwa moja. Watu walirudi makwao kimya kama wanatoka mazikoni.

Hiyo tarehe 5 Julai naomba ikae akilini. Nitairudia.

Mkwaju kama mhusika

Tukiutazama mchezo huu kwa jicho la mhakiki, tutaona kwamba haukutungwa kwa kubahatisha. Ulifuata mbinu ya Miguel Sabido, mtunzi wa Mexico aliyeanza katika miaka ya 1970 kutumia tamthilia za televisheni kwa ajili ya kuelimisha. Katika mbinu hiyo wahusika wako wa aina tatu: mwema wa kuigwa, mbaya wa kuepukwa, na yule wa katikati anayeyumba kisha anabadilika, ambaye msikilizaji anatarajiwa kujiona ndani yake. Watunzi wa RTD, kwa msaada wa shirika la Population Communications International na lile la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, walikusudia kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI.

Kwa mujibu wa mpango huo Mkwaju ni mhusika mbaya. Ana wanawake kila kituo cha lori, na mwisho wa barabara yake ni virusi vya UKIMWI. Tunu anaanza akiwa mnyenyekevu, kisha hatua kwa hatua anasimama kwa miguu yake na kujitafutia kipato. Ukiueleza hivyo utaona ni mchezo wa mafunzo usio na siri yoyote. Wahakiki wetu wengi wangeupita kwa sentensi moja: maudhui yamezidi fani.

Mimi sikubaliani. Mpango ni wa mtunzi, lakini mhusika ni wa hadhira. Pale kibarazani Mkwaju alipendwa. Alipendwa kwa maneno yake, kwa ucheshi wake, kwa jinsi alivyoingia nyumbani kama bosi na kutoka kama mtoto aliyekosa. Watu walimlaani huku wakimngojea. Wasomaji wa fasihi pendwa wanalijua jambo hili vizuri: hakuna aliyesoma habari za jambazi kwa ajili ya funzo la ukurasa wa mwisho. Raha ilikuwa njiani.

Hapa inafaa kumkumbuka Remmy Ongala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na Super Matimila waliimba Mambo kwa Soksi, wimbo unaohimiza matumizi ya kondomu, "soksi" likiwa ni neno la mitaani la kitu hicho. Redio ilikataa kuupiga. Wimbo ukatembea kwenye kumbi na kwenye kanda. Halafu mwaka 1993 redio ile ile ikafungua mlango kwa mchezo unaotaja jambo lile lile. Kwa nini? Jibu langu ni kwamba mchezo ulileta kondomu pamoja na adhabu. Remmy aliileta pamoja na kicheko, bila kumwadhibu mtu. Redio ya taifa iliweza kuvumilia dhambi mradi mwenye dhambi aumie mwishoni. Hili ni suala la ujumi, na ningependa mwenzangu mmoja alifanyie utafiti mrefu kuliko nafasi niliyo nayo hapa.

Msimulizi wa Dodoma

Mwisho wa Julai nilirudi Dodoma. Upepo wa kipupwe ulikuwa unavuma na vumbi lake, watu wamejifunga makoti na mashuka. Nami nilirudi na mtaji mkubwa: nilikuwa namjua Mkwaju, wao hawamjui.

Kila jioni, kando ya barabara ya Singida, malori yalipoegeshwa, vijana tulikusanyika kwa muuza kahawa. Hapo nikawa fanani. Nilianza na vipindi nilivyovisikia, vikaisha baada ya siku chache. Nikaanza kutunga vya kwangu. Nikampeleka Mkwaju Tunduma, nikampeleka Mwanza, nikamvusha mpaka. Nikamfanya anaswe chini ya kitanda, atoroke na taulo, ampigie saluti mume wa mtu akidhani ni askari wa barabarani. Wasikilizaji walivunjika mbavu. Mmoja wao alikuwa jirani yetu, utingo wa lori, kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, mkarimu kupita kiasi. Yeye ndiye aliyeninunulia kahawa na kashata ili niendelee. "Lete mambo, mwanafunzi. Leo Mkwaju kalala wapi?"

Nilipoisoma ile makala ya 1999 nilicheka kidogo, nikawaza: kumbe niliwaharibia watafiti hesabu zao. Dodoma haikurushiwa mchezo, lakini mtoto mmoja aliubeba kichwani akaushusha stesheni. Mawimbi waliweza kuyaelekeza walikotaka. Midomo hawakuiweza.

Halafu kicheko kikaniishia, maana nilijiuliza hasa nilibeba nini. Kwa muda wa wiki tano nilikuwa nimeusikia mchezo ukitaja UKIMWI waziwazi, ukitaja kondomu, ukitaja Tunu na woga wake. Katika masimulizi yangu ya kijiweni hakuna hata kimoja katika hivyo kilichoingia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kutaja kondomu mbele ya wakubwa kulinitia haya. Na kutaja ugonjwa kungezima kicheko, na kicheko kikizimika kahawa haiji. Kwa hiyo niliichukua ile kazi, nikaondoa kipande kilichouma, nikabaki na dereva mcheshi asiyedhurika na lolote. Nilimpa yule utingo Mkwaju ambaye haugui.

Jirani yetu alifariki mwaka 1997. Aliugua muda mrefu, akakonda. Kwao walisema ni kifua kikuu. Mtaani walinong'ona kwamba amekanyaga miwaya, kama ilivyosemwa siku zile. Mimi nilikuwa shuleni mkoa mwingine, sikuzika.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Sidai kwamba mchezo wa redio ungemwokoa. Sijui alipata ugonjwa lini wala wapi, na hata kama nilichonong'onewa ni kweli sikijui. Wala simlaumu mtu kwa mpango wa utafiti. Bila eneo la kulinganisha, wasingeweza kuonyesha kwamba mchezo unafanya kazi. Na walionyesha kwamba katika maeneo yaliyousikia watu walizidi kuukubali uzazi wa mpango na kubadili mienendo. Mwaka 1995 mchezo ukarushwa Dodoma pia. Ninachosema ni kwamba mtu mmoja aliyefika Dodoma na habari za Mkwaju mwaka 1994 alikuwa mimi, na mimi nilizihariri.

Redio ya pili

Sasa turudi kwenye ile tarehe 5 Julai.

Nilipokuwa nikitayarisha makala haya nilipanga kalenda ya likizo yangu siku kwa siku, nikiweka mechi upande mmoja na matukio mengine upande wa pili. Tarehe 4 Julai 1994, siku moja kabla ya Baggio, majeshi ya RPF yaliingia Kigali. Likizo yangu yote, tangu kibaraza cha kwanza mpaka treni ya kurudi, ilianza ndani ya mauaji ya kimbari ya Rwanda na kumalizika katika siku zile zile yalipokuwa yakikoma. Tarehe 28 na 29 Aprili watu zaidi ya laki mbili walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, mkoani Kagera, katika nchi hii hii. Mwezi Mei maiti zilikuwa zikiteremka na mto Kagera mpaka Ziwa Viktoria.

Yote hayo yalitangazwa. Taarifa ya habari ya RTD ilikuwa saa mbili usiku, saa moja tu baada ya Mkwaju kwisha, katika redio ile ile na kibarazani pale pale. Lazima niliisikia. Katika kusimulia kipupwe kile kwa miaka zaidi ya thelathini, sikuwahi kuitaja hata mara moja. Nilimtaja Yekini ambaye sikumwona, nikaiacha Ngara niliyoisikia.

Kuna jambo zaidi, nalo linatuhusu sana sisi tunaosoma fasihi. Mwezi Julai 1993, Twende na Wakati ilipoanza, ndio mwezi ambao Kigali ilianza kurusha matangazo redio ya RTLM. Redio hiyo nayo ilipendwa kwa sababu ilichangamka. Ilipiga muziki wa kisasa, watangazaji wake walitaniana na kuongea lugha ya mitaani, watu wakaisikiliza kwa raha. Katika raha hiyo ndimo chuki ilimopenyezwa, mpaka mwaka 1994 ikawa inawahimiza watu kuua. Mwezi Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili pamoja na mwenye gazeti la Kangura.

Wapo wasomi wanaosema kwamba fasihi pendwa ni ya kupitisha muda tu, haifai kuchambuliwa kwa uzito. Nawaomba waziweke redio hizi mbili mezani. Zilianza mwezi mmoja, katika nchi zinazopakana, na zote mbili zilijua kwamba msikilizaji anayecheka hufungua mlango. Moja ilipitisha mlangoni habari za kujikinga na ugonjwa. Ya pili ilipitisha panga.

Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba kipupwe cha 1994 ninachokikumbuka nimekitunga kwa kiasi kikubwa. Vitu vilivyomo ni vya kweli: kibaraza, kanda, Sani, Baggio, sauti ya Mkwaju. Mpangilio wake ndio wa uongo. Mji wangu uliokosa mchezo nimeuweka miongoni mwa miji iliyousikia. Bao la usiku wa manane nimelifanya la machoni. Ugonjwa na vita nimeviondoa.

Napendekeza basi mambo mawili kwa wanaotaka kuandika juu ya utamaduni pendwa wa miaka ile, na naona wanazidi kuwa wengi. Kwanza, tusiishie kuuliza watu walisikiliza nini. Tuulize pia nani hakusikia, na kwa sababu gani. Pili, tuwahoji wazee wetu wakiwa bado wapo, na tukiwahoji tuwe na kalenda mkononi. Si kwa ajili ya kuwaumbua. Pale tarehe inapokataa kukubaliana na masimulizi, ndipo penye habari ya kuandika.

Niliyarudia haya mbele ya semina, nikawaomba radhi wenzangu kwa makofi yale ya kwanza. Hakuna aliyepiga makofi mara hii. Yule binti wa mstari wa mbele akaniuliza: "Sasa wale vijana wa kijiweni uliwahi kuwaambia mwisho wa Mkwaju?"

Nikamjibu kwamba hapana, sikuwahi. Wakati huo mwisho wenyewe nilikuwa siujui, na nilipoujua kijiwe kilikuwa kimeshavunjika. Muuza kahawa alihama. Mahali pale kando ya barabara ya Singida sasa pana kituo cha mafuta, na malori bado yanalala hapo.